Gari la Wazi: Raha ya Upepo na Hatari Zisizotazamiwa

Gari la wazi, yaani gari ambalo paa lake hukunjwa nyuma au huvuliwa kabisa, limekuwa pambo la barabara zetu. Wageni hukodi vigari vidogo vya turubai wakaenda navyo Nungwi, Paje na Makunduchi. Wananchi wenye uwezo huyaagiza kutoka ng'ambo. Siku ya harusi bwana harusi hupandishwa nyuma ya gari kama hilo, beni likapigwa, na watoto wakalikimbilia mpaka mwisho wa mtaa. Hatuoni ubaya katika furaha hiyo. Visiwa ni mahali pa upepo, na mtu anayependa kuupokea usoni hana kosa.

Linalotushughulisha leo ni jambo jingine. Anayepanda ngarawa anajua kuwa chini yake ni bahari, na anayekwea mnazi anajua kuwa ardhi iko mbali. Kwa hiyo kila mmoja hujihadhari. Lakini anayepanda gari la wazi hudhani kuwa amepanda gari kama magari mengine, ila limepunguzwa joto. Dhana hiyo ndiyo hatari ya kwanza. Paa la gari ni kiungo cha mwili wake, nalo hutufanyia kazi nyingi kimya kimya, kazi ambazo hatuzitambui mpaka siku paa lisipokuwapo. Tumeona inafaa tuzitaje moja moja, ili anayeamua kulikunja paa ajue anachokikunja.

Kwanza tukumbuke kuwa magari ya mwanzo karibu yote yalikuwa wazi. Waundaji walirithi umbo la gari la farasi, wakaweka injini mahali pa mnyama. Madereva wa zama hizo walijivika kama mabaharia wanaokabili dhoruba: makoti marefu, kofia za kubana, glavu na miwani mikubwa ya kufunika macho. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1920, magari mengi yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya kufunikwa. Watu wale waliuacha uwazi kwa hiari yao baada ya kuuonja. Sisi tunaourudia leo tumeuchukua uwazi wenyewe, tukaziacha kofia na miwani.

Kisa kinachojulikana zaidi kuhusu hatari hizi kilitokea katika mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa, tarehe 14 Septemba, 1927. Isadora Duncan, mcheza dansi mashuhuri mzaliwa wa Marekani, alipanda gari la wazi akiwa amejitanda mtandio mrefu wa hariri shingoni. Gari lilipoondoka, ncha ya mtandio ule ilinaswa na gurudumu, nalo likauvuta kwa nguvu zote za injini. Akafa papo hapo, akiwa na umri wa miaka 50. Gari halikugongana na kitu, wala dereva hakukimbiza. Kilichomwua ni kipande cha nguo na gurudumu linalozunguka.

Msomaji asiseme kuwa hayo ni ya zamani na ya mbali. Ni kweli kwamba magurudumu ya magari ya leo yamefichwa zaidi ndani ya bodi. Lakini katika visiwa hivi hakuna nyumba isiyo na kanga, mtandio, ushungi au buibui, na bibi harusi huvaa shela linaloburura. Nguo hizo zote ni nyepesi, ndefu na zimeumbwa kupepea. Katika gari lililofunikwa hutulia mapajani. Katika gari la wazi huinuka, na ikiwa hazikunaswa na kitu nje, huweza kumrukia dereva na kumziba macho. Na kwa wale wanaopakiwa kwenye vespa na bodaboda, ambako gurudumu na mnyororo viko karibu kabisa na pindo la nguo, hatari iliyomkuta yule mcheza dansi ingali ile ile. Kuikusanya nguo, kuifunga fundo na kuikalia ni kazi ya dakika moja tu.

Pili ni upepo wenyewe. Wengi hudhani kuwa upepo wa gari la wazi hutoka mbele. Sivyo hasa. Kioo cha mbele huusukuma upepo upite juu ya vichwa, lakini nyuma ya kioo hubaki nafasi tupu, na upepo hujipinda kuijaza nafasi hiyo ukitokea nyuma ya viti. Ndiyo maana nywele za dereva humjia usoni badala ya kupeperuka kisogoni. Ndiyo maana pia vumbi lililotimuliwa na gari huwarudia waliomo ndani, na karatasi iliyowekwa kiti cha nyuma huinuka yenyewe ikatoka nje.

Hapo ndipo ajali nyingi huzaliwa. Kofia inaruka, dereva ananyoosha mkono kuidaka. Risiti, noti au barua inapaa, dereva anageuza shingo kuitazama. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 katika kila sekunde. Sekunde mbili za kuigombania kofia ni mita 33, yaani karibu nusu ya upana wa kiwanja cha mpira, ambazo gari limekwenda bila mwenyewe. Katika mita hizo huweza kuwapo mtoto anayetoka skuli, mzee aliye juu ya baiskeli, au ng'ombe aliyekatika kamba. Kofia ya shilingi chache haiwezi kulinganishwa na roho ya mtu.

Tatu ni vitu vinavyoingia. Nyuki anayegonga kioo cha mbele hufa na kuacha alama. Nyuki huyo huyo akipita juu ya kioo na kuangukia ndani ya shati la dereva, hapo huwa amepata silaha mbili: mwiba wake, na mshtuko wa mtu aliyeshika usukani. Barabara zetu hupitiwa pia na malori ya mchanga, mawe na kokoto, ambayo mengi hayafunikwi. Kokoto moja inayodondoka kutoka lori la mbele hulia tu juu ya paa la bati, lakini juu ya kichwa kilicho wazi haina mzaha. Moshi wa lori hilo nao humfikia dereva wa gari la wazi moja kwa moja, kwani hukaa chini, karibu sawa na bomba linalotoa moshi huo.

Na hapa kisiwani tuna hatari ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji, nayo ni miti yetu. Jua likimzidi mwenye gari la wazi, hutafuta kivuli. Na kwa kuwa gari lake halina paa, huliegesha chini ya mnazi. Nazi iliyokomaa pamoja na kumbi lake hupita uzito wa kilo moja. Ikidondoka kutoka urefu wa mita 20 hufika chini katika muda wa sekunde mbili, ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Makuti makavu nayo ni mazito kuliko yanavyoonekana. Miembe mikongwe inayopanga baadhi ya njia zetu, ikiwamo ile ya Bi Khole kule Bungi, ni fahari na urithi wa nchi, lakini mti mkongwe huwa na matawi yaliyokauka, na tawi kavu halitoi taarifa. Mwenyeji anajua kutazama juu kabla ya kuketi. Mgeni hajui, na ni wajibu wa mwenyeji kumwambia.

Nne ni jua. Tuko nyuzi sita tu kusini ya Ikweta, na mara mbili kila mwaka jua hupita utosini mwetu barabara. Mtu anayetembea kwa miguu mchana huona joto, akajisitiri. Aliye katika gari la wazi halioni, kwa sababu upepo humpoza ngozi na kumkausha jasho. Mionzi inayounguza ngozi haizuiliwi na upepo hata kidogo. Saa mbili baadaye, gari likisimama, ndipo huhisi paji la uso, shingo na mikono vikiwaka, kichwa kikimwuma na koo likimkauka. Upepo haukumwondolea madhara, ulimwondolea onyo. Jambo hili ni zito zaidi kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuwakinga na ambao saratani ya ngozi huwaandama tangu ujanani. Kwao safari ndefu katika gari lisilo na paa, liwe la anasa au la mizigo, si jambo la kufanyiwa mzaha.

Tano ni masikio. Wataalamu wa afya ya kazi wamekubaliana kuwa sauti ya kiwango cha desibeli 85, ikisikilizwa kwa saa nane kila siku, yatosha kuharibu usikivu, na kwamba muda wa salama hupungua haraka kila sauti inapozidi. Madaktari wa masikio wa Uingereza na Marekani waliopima kelele ndani ya magari ya wazi katika miaka ya karibuni walikuta kuwa gari likipita kiasi cha kilomita 90 kwa saa, kelele ya upepo na barabara huvuka kiwango hicho. Dawa waliyoitaja ni rahisi: kupandisha vioo vya milangoni na kupunguza mwendo. Barabara zetu nyingi si za mwendo huo, lakini kuna madhara mengine yaliyo karibu zaidi. Dereva aliyezungukwa na kelele hiyo haisikii honi ya gari linalotaka kumpita, wala king'ora cha gari la wagonjwa.

Sita ni mvua. Masika huja yakijulikana na vuli hali kadhalika, lakini kila mtu wa visiwani anajua manyunyu ya ghafla yanayotoka baharini katika siku nyeupe. Mapaa mengi ya kukunja hayawezi kufungwa gari likiwa mwendoni kasi. Basi dereva husimama pale pale alipo, pengine kwenye kona au chini ya kilima, abiria wote wakashuka kuvuta turubai huku magari mengine yakiteleza juu ya lami iliyolowa. Vidole hubanwa katika vyuma vya paa, hasa vya watoto wanaotaka kusaidia. Na katika hewa yetu ya chumvi vyuma hivyo hushika kutu, hata siku paa linapohitajiwa, halikubali kufunguka wala kufungika. Atakaye kuwa na gari la wazi kisiwani hana budi kulitia mafuta paa lake kama mvuvi anavyoitunza mashua yake.

Tumeiacha mwisho hatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni gari kupinduka. Katika gari la kawaida, paa na nguzo zake hubeba uzito wa gari lililogeuka miguu juu, na kuacha nafasi ya vichwa. Katika gari la wazi, kilichobaki juu ya kichwa ni fremu ya kioo cha mbele tu. Hofu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1970 viwanda vya Marekani viliamini kuwa Serikali yao ingeyapiga marufuku magari hayo kwa kuweka masharti ya uimara wa paa. Mwaka 1976 vikaacha kuyaunda, na marufuku yenyewe haikuja. Yakarudi sokoni mwaka 1982. Tangu hapo elimu imesonga mbele. Mwaka 1989 kampuni ya Mercedes-Benz ilitoa gari la wazi lenye upinde wa chuma unaoinuka wenyewe nyuma ya viti mara gari linapoanza kupinduka. Lakini upinde wa chuma haumfai mtu aliyekwisha kurushwa nje. Kinachomweka mtu mahali pake ni mkanda wa usalama wa ncha tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Katika gari lenye paa, asiyefunga mkanda huenda akazuiliwa na bati. Katika gari la wazi hakuna cha kumzuia.

Kwa hiyo ile desturi ya kukaa juu ya paa lililokunjwa, miguu ikiwa kwenye viti, ambayo tunaiona katika harusi na katika shangwe za mpira, ni kuzikusanya hatari zote tulizozitaja na kuziweka mahali pamoja. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla kumwepuka paka, aliyekaa juu hubaki katika mwendo ule ule aliokuwa nao.

Historia ya dunia nayo ina la kusema, hasa kwa waliopewa dhamana ya kuwalinda viongozi. Tarehe 28 Juni, 1914, Mwanamfalme Franz Ferdinand wa Austria alikuwa katika gari la wazi mjini Sarajevo. Asubuhi ile bomu lililotupwa kwake liligonga turubai lililokunjwa nyuma likaangukia njiani. Baadaye dereva wake akapotea njia, akasimama, na risasi mbili zikawaua mwanamfalme na mkewe. Majuma machache baadaye Vita Kuu vikaanza, vita vilivyofika hata Afrika Mashariki. Tarehe 22 Novemba, 1963, Rais John Kennedy wa Marekani aliuawa katika gari la wazi mjini Dallas. Gari lile lilikuwa na paa la plastiki angavu, nalo halikufungwa kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika. Paa lile halikuundwa kuzuia risasi, lakini baada ya msiba gari hilo hilo lilitengenezwa upya kwa paa la kudumu na silaha za kinga. Na tarehe 13 Mei, 1981, Papa John Paul wa Pili alipigwa risasi akiwa juu ya gari la wazi katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Alipona, na tangu hapo kukaundwa gari la kioo kizito. Kiongozi anapaswa kuonekana na watu wake. Hata hivyo kuonekana na kuachwa bila kinga ni mambo mawili mbalimbali.

Mpaka hapa msomaji wetu wa shamba aweza kusema kuwa mambo haya ni ya wageni na matajiri, yeye hayamhusu. Tunamwomba asubiri. Gari la wazi linalopakia watu wengi zaidi Unguja na Pemba halina viti vya ngozi wala paa la kukunja. Ni keri, na ni lori la mizigo, linalobeba watu waliosimama kwenda harusini, mazikoni na kiwanjani. Mle hamna kioo cha mbele cha kuwakinga waliosimama, hamna mkanda, hamna upinde wa chuma. Upepo ni ule ule, jua ni lile lile, matawi ni yale yale, na kanga za akina mama zinapepea vile vile. Mpiga picha wa harusi naye husimama nyuma ya keri, uso wake kwenye kamera na mgongo wake kule gari linakokwenda. Ikiwa mwenye gari la fahari, aliyekaa na kufungwa mkanda, ana haja ya kutahadhari, je, mama aliyesimama na mtoto mgongoni ana haja kiasi gani?

Tunajua jibu litakalotolewa. Watu wa vijijini hawapandi keri kwa kupenda. Maziko hayangoji, na usafiri wa abiria haufiki kila kijiji wala haupatikani kila saa. Kuwakamata na kuwatoza faini bila ya kuwapa njia nyingine ni kuwaadhibu kwa umaskini wao. Hoja hiyo tunaikubali. Lakini kati ya kukataza kila kitu na kunyamazia kila kitu iko njia ya katikati, na njia hiyo haihitaji fedha nyingi.

Kwanza, wanaokodisha magari ya wazi wawe na wajibu wa kumweleza kila mkodishaji, kwa lugha anayoifahamu, mambo haya: afunge mkanda, akusanye nguo na nywele, avae kofia yenye kamba na miwani, anywe maji, asiegeshe chini ya minazi. Gari lisilo na upinde wa chuma na mikanda inayofanya kazi lisikodishwe. Pili, malori ya mchanga na kokoto yafunikwe turubai. Askari wa barabarani asimamie jambo hilo kama anavyosimamia leseni. Tatu, halmashauri zikague miti ya kandokando ya barabara kila mwaka kabla ya masika, zikate matawi makavu na kuacha miti. Nne, Serikali na masheha washauriane namna ya kupata gari la abiria kwa ajili ya maziko katika kila eneo, na pale ambapo keri haina budi kutumika, iwe na ubao wa kukalia, chuma cha kushikia, idadi maalumu ya watu na mwendo mdogo, wala asisimame mtu. Tano, skuli ziwafunze watoto kuwa kudandia gari si ushujaa.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Tunawaheshimu wahenga, na tunafahamu kuwa walikusudia kumfariji aliyepatwa. Hawakukusudia kumpa uhuru asiyejali. Ajali isiyotazamiwa kweli haina kinga; lakini ajali ambayo mtu ameielezwa leo, ikimpata kesho huwa imekwisha kubadilika jina, ikawa uzembe.

Basi anayetaka kulikunja paa lake na alikunje, ausikilize upepo wa kaskazi na anuse karafuu zilizoanikwa majamvini. Ila kabla ya kuwasha moto avute mkanda, afunge nguo yake fundo, na atazame juu. Na wale walio katika ofisi zenye madaraka juu ya barabara zetu wasingoje mazishi ili waandike waraka.